Nozu, Zima Hiyo Mashine!

Kila siku saa kumi na moja jioni, spika ya manispaa iliyo juu ya nguzo mbele ya saluni yangu hupiga wimbo mfupi wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Miji mingine nayo ina spika zake, na nyingi hupiga wimbo huo huo. Ila yetu, tangu kimbunga kilipoinamisha ile nguzo, ikifika sauti ya tano ya wimbo huo inakohoa. Inakohoa hasa, kama mzee aliyepaliwa na chai, kisha inaendelea kana kwamba hakuna aliyesikia. Nilipiga simu manispaa mara tatu, wakaniambia watakuja kutazama. Hiyo ni miaka kumi na minne iliyopita. Leo nikisikia kuna fundi anakuja kuitengeneza, nitapanda juu ya nguzo mwenyewe kumzuia.

Naitwa Fukuma Tamayo, kinyozi, mtoto wa kinyozi, mjukuu wa kinyozi. Nina mdomo. Nalisema mapema kwa sababu mdomo wangu umo ndani ya habari hii, na umo pia ndani ya rekodi ambayo watu mamilioni wameisikiliza. Lakini habari yenyewe ni ya Kozue, binti wa Inada fundi milango, nyumba ya saba katika kundi letu. Sisi ni kundi la tatu la mtaa wa Kajiya, nyumba kumi na moja, na Kozue nimemkata nywele tangu alipokuwa anakalishwa juu ya ubao ili kichwa chake kifike kwenye kioo.

Mama yake alifariki Kozue akiwa na miaka tisa. Baada ya hapo akawa mtoto wa kusema "ndiyo" na "asante" tu. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko umri wake, na shuleni kwenye kwaya mwalimu mmoja alimwambia awe anafungua mdomo bila kutoa sauti, ili asiharibu. Aliniambia hilo akiwa kwenye kiti changu, bila hata kulalamika, kama anayenieleza ratiba ya basi. Nilikasirika mpaka nikamkata nywele za mbele fupi mno. Picha yake ya kuhitimu inanisuta hadi leo.

Wenzake walipoondoka kwenda Osaka na Tokyo, yeye alibaki, akapata kazi kwenye jiko linalopika chakula cha mchana cha shule. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anakoroga supu ya miso kwa mwiko mrefu kama kasia, saa tisa alasiri ametoka. Nilikuwa namwona akipita mbele ya dirisha langu na buti zake nyeupe mkononi. Anainamisha kichwa, nami nainamisha, amepita. Nikajisemea, basi, huyu naye ndiyo maisha yake hayo.

Nilikuwa sijui kitu. Kozue alikuwa amenunua kinanda cha umeme kwenye duka la vitu vilivyotumika, bei ya chini kwa sababu vibonye viwili vilikuwa vimekufa. Akakiingiza kwenye kabati la magodoro, akaingia na yeye, akafunga mlango. Magodoro yanameza sauti, na kabati lile lilikuwa na mlango wa kusukuma aliouchonga baba yake mwenyewe. Mle ndani, kuanzia saa kumi mpaka baba yake arudi kutoka karakana, akawa anatunga nyimbo na kuziweka mtandaoni. Hakuweka uso wala jina lake. Alijiita Todana, yaani kabati, na picha yake ilikuwa mlango ule uliofungwa. Baadaye wataalamu wa Tokyo waliandika kurasa nzima kuhusu jinsi nyimbo zake zinavyokwepa sauti fulani kwa namna ya ajabu. Ajabu gani? Vibonye vilikuwa vimekufa.

Wimbo wa kwanza ulisikilizwa na watu arobaini na tatu. Wa sita, elfu mbili. Wa tisa ndio ulioniingiza mimi.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2010. Nesi mmoja wa zahanati ya jirani alikuja kunyolewa vinyweleo vya shingoni. Nimemlaza, nimempaka povu, wembe uko mkononi, naye ameiweka simu kifuani inaimba. Sauti ya mwanamke, nzito, iliyotulia, inayoimba kuhusu mtu anayeosha sufuria kubwa kuliko yeye. Nikasema moyoni, hii sauti inajua kitu. Mara, nyuma ya wimbo, kwa mbali, nikasikia spika ya saa kumi na moja. Sauti ya tano ikakohoa. Nikasimamisha wembe. Kabla sijavuta pumzi, nikasikia mwanamke anabweka ndani ya simu:

"Nozu! Zima hiyo mashine! Mbwa wote wa mtaa wameshahama!"

Nilikuwa mimi.

"Sehemu hii naipenda!" nesi akasema, macho yamefumbwa. "Watu wote wanaisubiri. Tazama maoni yanavyopita."

Akaninyanyulia simu. Kwenye ule mtandao maoni ya watu yanakatiza juu ya picha yenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, na pale kwenye kelele zangu yalijaa mpaka mlango wa kabati haukuonekana. *Mama Zima huyooo! Heshima kwako, mama. Nozu zima basi, umeambiwa.*

"Unamjua huyu mama?" nesi akaniuliza.

"Mwanamke asiye na adabu," nikasema. "Geuza shingo."

Nimeishi mtaa huu maisha yangu yote, na sikuhitaji kufikiri sana. Spika yangu, mdomo wangu, na sauti ile nzito. Kwa umbali ule, kabati lile lingekuwa nyumba ya saba tu. Nilimaliza kumnyoa yule nesi, nikafunga saluni mapema, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtoto aliyeambiwa asitoe sauti amejitafutia saa moja tu ya kuimba, ndani ya kabati, na mimi na Nozu tumeingia humo na makelele yetu.

Nozu ni wa nyumba ya sita. Tulisoma darasa moja. Alipostaafu posta, watoto wake walimnunulia mashine ya karaoke, na tangu siku hiyo kila jioni saa kumi alikuwa anafungua madirisha yote mawili ya mbele na kuimba mapenzi. Nozu hakuwahi kuipata noti hata moja kwa makusudi. Nikamfuata kwake.

"Kuanzia kesho, saa kumi mpaka saa kumi na moja hakuna kuimba."

"Tama, umekuwa serikali?"

"Mwaka huu mimi ni mkuu wa kundi. Hiyo ni zaidi ya serikali."

"Na nikikataa?"

"Nitakunyoa upande mmoja."

"Upande mmoja wenyewe una nywele ngapi?" Akajipapasa kichwa. "Haya, sababu."

Nikampa simu yangu, ambayo nesi alikuwa ameniwekea ule wimbo. Akausikiliza amesimama, akasikia spika, akasikia jina lake mwenyewe, akaruka. Kisha akaketi kwenye kizingiti na kuurudia tangu mwanzo.

"Ni yule mtoto wa Inada? Yule asiyeitikia salamu mpaka umkanyage?"

"Huyo huyo."

"Anaimba kuliko mimi."

"Hata birika langu linaimba kuliko wewe."

 Alikuwa ameinamia simu, na nilipomwona anafuta pua kwa kiganja nikatazama pembeni, maana tunafahamiana tangu utoto na kuna mambo hatufanyiani.

"Tumwambie?" akauliza.

"Thubutu! Ukimwambia kesho hataimba tena. Mtu aliyefunga mlango, wewe unamgongea wa nini?"

Hapo nilikuwa sahihi, na bado nasema nilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuja baadaye, kwenye ubao.

Kila kundi lina ubao wake wa matangazo, wa kushika mkononi, wenye kibanio cha karatasi. Unatoka kwa mkuu wa kundi, unakwenda nyumba ya pili, mwenye nyumba anasoma, anagonga muhuri wake mwekundu kwenye kisanduku chake, anaupeleka nyumba ya tatu, hivyo hivyo mpaka umerudi. Nikaandika karatasi kwa mkono: *Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kila siku, tuwe watulivu. Mashine za kufua, misumeno, redio, na Nozu. Kuna mtu anafanya kazi nzuri. Asiulizwe, asitajwe, asitazamwe.* Nikawa wa kwanza kugonga muhuri, miwani ikiwa juu ya paji la uso, na nikaugonga kichwa chini miguu juu. Nikamwambia Nozu: ukishagonga, ruka nyumba ya saba, peleka moja kwa moja ya nane. Ubao ukarudi baada ya siku nne una mihuri kumi. Hakuna aliyekataa, hata yule wa nyumba ya tisa ambaye hupinga mpaka tarehe ya Mwaka Mpya.

Ilikuwaje saa kumi za mwaka ule, siwezi kueleza vizuri. Mtaa mzima ulikuwa unatembea kwa vidole. Mama wa nyumba ya nane alikuwa akizima mashine ya kufua nguo zikiwa bado na povu. Nozu alikuja kukaa saluni kwangu kila siku saa nzima ili asishawishike, akinisimulia habari za posta kwa kunong'ona. Mimi niliufunga mdomo wangu, jambo ambalo marehemu mume wangu alilitafuta miaka ishirini na nane. Na kila wimbo mpya ulipotoka, tuliusikiliza mimi na Nozu vichwa vimekaribiana: safi, bila doa, spika tu ikikohoa mwishoni. Tulikuwa tunajipongeza. Nozu alisema tumekuwa watayarishaji wa muziki.

Mwezi wa kumi ulipofika, ubao ulizunguka tena. Ulikuwa na karatasi yangu ya utulivu, kwa sababu giza lilikuwa linaanza kuingia mapema, watu wanawahisha kazi zao, na nilitaka kuwakumbusha. Chini yake nikabana tangazo la kila mwaka: Jumapili ya pili, saa mbili asubuhi, kila nyumba itoe mtu wa kusafisha mtaro. Nikampa wa nyumba ya pili. Ulipofika kwa Nozu, naye, mtu wa posta, mwaminifu kwa maagizo, akafanya nilivyomwambia mwanzoni. Akairuka nyumba ya saba.

Jumapili ile tulikuwa kumi, na mabeleshi na buti. Tumefika kwenye matope ya katikati, Inada akatoka nje kuchukua gazeti, amevaa ndala za ndani. Akatuona. Akasimama pale na gazeti lake. Nami, Mungu anisamehe, nikapaza sauti kwa utani:

"Inada-san! Umelala mpaka jua limekuchoka?"

Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na beleshi, bado na suruali ya kulalia, akafanya kazi ya watu wawili mpaka mwisho. Tulipogawana chai ya chupa, alisema amesahau kuzima jiko, akaondoka.

Nilikuja kuelewa nanawa mikono nyumbani, tope linaondoka kwenye kucha. Ubao. Nilikaa chini pale pale bafuni. Kwetu, nyumba ambayo ubao umeiruka ni nyumba iliyotengwa. Mababu zetu walifanyiana hivyo, na kuna familia zilihama kwa sababu hiyo, usiku, bila kuaga. Hakuna mtu mtaa wa Kajiya aliyewahi kuiruka nyumba tangu nizaliwe. Wa kwanza nikawa mimi.

Nilipanga kwenda kwao kesho yake, Jumatatu, siku ambayo sisi vinyozi tunafunga. Nilikuwa bado natafuta maneno. Saa kumi kamili mlango wa saluni ukasukumwa. Inada alikuwa amevaa suti yake nyeusi ya mazishi na harusi. Nyuma yake Kozue, amevaa sketi ya kijivu, mikono mbele. Inada alikuwa amebeba mfuko wa duka la vitafunio, na ndani niliona maboksi kumi ya keki za maharage matamu, yamefungwa karatasi nzuri. Nyumba kumi, boksi kumi.

"Mkuu wa kundi," akasema, wakainama wote wawili mpaka nikaona visogo vyao. "Kwa muda mrefu tumewasumbua. Binti yangu anaimba ndani ya kabati. Kelele zimetoka nje, mmevumilia, na sisi hatukuona. Mtaa ulivyokuwa mkimya kila akianza, ndipo tulipoelewa kwamba mmechukia. Kuanzia leo ameacha. Tafadhali."

"Inada-san, inuka."

"Niliweka sufu kwenye kingo za mlango," akaendelea, bado ameinama. "Nilidhani inatosha. Ni uzembe wangu kama fundi."

Kozue akageuka kumtazama. "Sufu gani, baba?"

"Ile ya pembeni."

"Nilifikiri ni ya kuzuia baridi."

"Kabatini kuna baridi gani," Inada akasema.

Nadhani ndiyo mara ya kwanza wale wawili kuizungumza ile sufu. Naye binti alikuwa amesimama saluni kwangu, midomo imebanwa, na mimi namjua, nimemwona akiibana hivyo tangu akiwa na miaka tisa. Nilitamani ulimi wangu ufanye kazi. Wakati wote ninapopaswa kunyamaza unafanya kazi. Siku ile ukagoma. Basi nikaenda nyuma ya kaunta, nikauchukua ubao, nikalitoa tangazo la mtaro, nikamwekea Inada karatasi ya utulivu mbele ya macho.

Alisoma polepole. Akafika chini, akaisoma tena. Kidole chake kinene cha useremala kikapita juu ya mihuri, mmoja baada ya mwingine, kikasimama kwenye wangu ulio kichwa chini, kikaendelea. Nyumba ya nane. Ya tisa, hata ya tisa. Akampa binti yake.

"'Kuna mtu anafanya kazi nzuri,'" Kozue akasoma kwa sauti.

Hapo ndipo Nozu alipoingia, maana saa kumi yake ilikuwa imefika na kiti chake kilikuwa kinamsubiri. Akaona suti, akaona maboksi, akaona uso wangu.

"Nani amekufa?"

"Wewe, ukiendelea kusimama," nikamwambia. "Waeleze. Nyumba ya saba uliiruka kwa nini?"

"Si uliniambia!" Kisha akaelewa, na akapauka. Akavua kofia. "Inada-san, mtoto, ni huyu mwanamke. Mimi nilitii tu. Miezi minne sijaimba saa kumi! Miezi minne nasikiliza huyu akivuta pumzi! Mnajua ni mateso gani?"

Kozue alicheka. Alianza kucheka na kulia pamoja, kamasi na yote, nikamtupia taulo. Alipoweza kusema, alisema jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Shangazi, watu wanakuuliza. Kila wimbo wananiandikia, Mama Zima yuko wapi, Mama Zima anaumwa? Zile sauti zenu zilipokatika, nikajua... Nilikuwa nikiingia kabatini nasikia babu Nozu anaanza, nawe unamkaripia, najiambia haya, wapo. Naimba. Kisha siku moja hamkuwepo."

Mimi na Nozu tukatazamana. Watayarishaji wa muziki.

"Una maana," Nozu akasema taratibu, "ulikuwa unapenda nikiimba?"

"Hapana, babu," Kozue akasema. "Nilikuwa napenda ukiambiwa uzime."

Akatoa mfukoni bahasha iliyofungwa na kubandikwa stempu. Alisema ni kampuni ya muziki ya Tokyo, waliomwandikia wakitaka watoe rekodi yake, na hii ilikuwa barua ya kuwakatalia, alipanga kuipeleka posta wakimaliza nyumba ya mwisho. Aliishika tu, hajui aiweke wapi. Nikaichukua mkononi mwake, nikaichana vipande vinne na kuviweka kwenye rundo la karatasi za kufutia povu la wembe. Kesho yake nilivitumia kwenye kidevu cha Nozu, na povu lilitoka vizuri.

Inada hakuwa ameketi. Aliuchukua ule ubao, akauangalia kwa mara ya tatu.

"Hapa kuna kasoro," akasema.

"Najua, ni miwani, nimegonga kichwa chini..."

"Kisanduku cha saba kiko wazi." Akatoka. Tulimwona dirishani akipita na suti yake, karibu anakimbia, na akarudi na kijaluba cha muhuri mkononi. Akaugonga kwa mikono miwili, akaubonyeza muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akatugawia zile keki.

Yaliyofuata mnaweza kuyasoma kwingine, na watu wa Tokyo wanayasimulia kwa majina makubwa kuliko mimi. Wimbo wake uliwekwa kwenye filamu, mwingine ukaimbwa na watoto wa shule nchi nzima, wakiwemo wa kwaya ya shule yetu, kwa midomo wazi. Alizunguka miji mikubwa akiimba nyuma ya pazia lililochorwa mlango wa kabati, uso wake hauonekani. Jiko la shule aliliacha mwaka wa tatu tu, baada ya kupata mtu wa kumrithi mwiko. Bado anatumia kinanda chenye vibonye vilivyokufa. Kampuni ilitaka kumnunulia kingine, akasema hicho kingine hakimjui.

Rekodi ya kwanza ilipotoka, aliileta mwenyewe, saa tano asubuhi, na nywele za kukatwa. Ndani kuna kijitabu, na ukurasa wa mwisho ni wa shukrani. Wasanii huandika majina pale. Yeye hakuandika jina hata moja. Kuna mihuri kumi na mmoja myekundu, kwa mpangilio wa ubao, na wa kwanza umekaa kichwa chini. Nilimwambia angeweza kuugeuza, mitambo ipo. Akasema, "Shangazi, ukigeuzwa utakuwa wa mtu mwingine." Nimeshukuriwa mara nyingi maishani kwa kunyoa vizuri. Ile ndiyo mara pekee niliyoshukuriwa kwa kukosea, na ndani ya kosa lenyewe, na bado nikifungua ukurasa ule inabidi nitafute taulo.

Vijana huja kutoka mbali kuuliza huo muhuri ni wa nani. Nawaambia wanyolewe kwanza.

Nozu alirudi kuimba saa kumi, kwa amri ya msanii, na mimi nikarudi kumkaripia, kwa amri hiyo hiyo. Tulifanya hivyo miaka minane. Kwenye rekodi ya pili tumo, ya tatu tumo. Alifariki mwaka 2019, majira ya kuchipua, usingizini, na watoto wake wakaniletea ile mashine kwa sababu aliandika kwenye karatasi kwamba niachiwe mimi, *azime mwenyewe akipenda*. Iko saluni, nimeifunika taulo. Sijawahi kuigusa.

Mwaka 2022 Kozue aliamua kuonyesha uso wake, na hakutaka iwe Tokyo. Alichagua ukumbi wa manispaa yetu, viti mia nane, alasiri, ili wazee waweze kurudi nyumbani mapema. Jukwaani hakukuwa na pazia. Kulikuwa na mlango wa kweli wa kusukuma, wa mti wa mwerezi, aliouchonga Inada akiwa na miaka sabini na moja. Nilimuuliza kama ameweka sufu. Akasema safari hii hapana.

Mlango ukafunguka, akatoka. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nywele nilizozikata asubuhi ile, za mbele urefu sahihi. Watu walilia kumwona tu. Sisi wa kundi la tatu tulikuwa safu ya mbele, nyumba kumi na moja, na kiti cha sita mtoto mkubwa wa Nozu alikuwa amekiwekea kofia ya baba yake.

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa tisa, wa sufuria. Karibu na mwisho wanamuziki wakanyamaza, na kwenye spika za ukumbi ikaja ile rekodi ya kabatini, ya mwezi wa sita ule: spika yetu, kwa mbali, sauti ya tano ikakohoa. Nilisikia watu wanavuta pumzi nyuma yangu. Kozue akainua mkono, akatabasamu kunitazama mimi, na ukumbi mzima, watu mia nane, wengi hawajawahi kukanyaga mtaa wa Kajiya, wakapaza sauti kwa pamoja:

"Nozu! Zima hiyo mashine!"

Paa lilitikisika. Mama wa nyumba ya nane alipiga kelele mpaka akakohoa, na Inada naye, Inada asiyesema, alikuwa amefungua mdomo wote. Mimi peke yangu, mwenye maneno yale, sikuyasema. Nilikuwa nimeshika kofia iliyo kwenye kiti cha sita, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilikuwa namwomba aiwashe.